Jibu: Marumaru gani zinafaa bafu dogo lenye beseni?
Dada, kwa bafu la mita 1.5 kwa 2 lenye beseni la kuogea na bomba la mvua juu yake, hizo nyeusi za kung'aa ulizosema fundi anakushawishi uweke, achana nazo. Mimi nilizibandika. Maji ya kisima chetu yana chumvi, kila tone likikauka linaacha doa jeupe, na kila Jumamosi niko na limao na kitambaa nasugua ukuta.

Chukua rangi ya maziwa au kijivu hafifu, sentimita 30 kwa 60, zilazwe. Zikiwa kubwa, viungio vinapungua, na ukungu hupenda viungio. Ukitaka nakshi, ukuta mmoja tu, ule wenye bomba. Maua kuta zote nne utajiona umefungwa ndani ya kanga!

Sakafuni usiweke za ukutani. Omba zisizoteleza, 30 kwa 30 au ndogo zaidi, maana ndogo hufuata vizuri mteremko wa kwenda kwenye tundu la maji. Kabla ya kubandika, fundi apake dawa ya kuzuia maji, hasa kwenye pembe. Beseni linapokutana na ukuta aweke silikoni, ile gundi ya kuziba inayonyumbulika. Saruji pale hupasuka.

Kuta hadi mita 2.1, ukitoa mlango, ni kama mita za mraba 13. Nunua 14 na nusu kufidia zitakazokatwa, na ukague namba ya rangi kwenye kila boksi iwe ileile kabla hujalipa.