Sumaku ya spika isikaribie jicho lako

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni fundi mitumbwi hapa Igombe. Siku tisa zilizopita nilikuwa nang'oa msumari wenye kutu kwenye mbao kuukuu, nagonga patasi kwa nyundo. Kitu kikanipiga jicho la kulia kama mdudu. Nikanawa maji ya ziwa, maumivu yakaisha siku hiyohiyo. Sasa kuna kidoa cheusi kinaelea mbele yangu, na upande mmoja ni ukungu. Mzee tunayefanya naye kazi anayo sumaku ya spika mbovu, anasema tuisogeze ikivute. Nikubali?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usikubali. Mzee hakulitoa hewani: mwaka 1892 daktari Otto Haab wa Zürich alieleza jinsi ya kuvuta chuma jichoni kwa sumaku kubwa ya umeme. Ila sumaku haichagui njia. Kipande kikivutwa ovyo kitachana lenzi au retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, na retina ikichanika ndiyo kuona kwenyewe kumechanika.

Nina miaka ishirini na mbili kliniki ya macho, na mafundi hunitajia huyo mdudu wako kila mara. Tazama kichwa cha patasi yako: kimefumuka kingo kama uyoga, sivyo? Hapo ndipo chuma humeguka, kidogo kuliko punje ya mtama. Kwa kasi ile hutoboa jicho, na tundu hujifunga. Huumwi, lakini chuma kimo, kinaoza.

Alinijia mvuvi wa Ukerewe aliyekaa nacho mwaka na nusu. Nilimmulika tochi, mboni ikabaki wazi vilevile, haikusinyaa hata kidogo. Usiku alikuwa haoni kabisa. Kutu ilikuwa imeshaingia kwenye retina. Chuma kilitolewa; kuona hakukurudi. Bado namfikiria.

Kwa hiyo panda daladala leo, siyo Jumatatu, uende kliniki ya macho ya hospitali ya Bugando, Mwanza. Ukifika anza na neno nyundo, usiseme tu jicho lina ukungu. Njiani usilisugue, usilikamue, usitie dawa ya dukani. Lifunike kwa kitako cha kikombe cha karatasi kisichogusa jicho. Utapigwa eksirei au CT, eksirei ya kompyuta inayoonyesha vipande kwa vipande. Kipimo cha MRI, kile cha mashine ya sumaku, ukatae mpaka wahakikishe huna chuma jichoni, maana sumaku yake ina nguvu kuliko ya mzee wako mara nyingi sana. Uliza pia sindano ya pepopunda.

Ikithibitika, daktari bingwa wa retina hupitisha vifaa kwenye matundu matatu madogo katika weupe wa jicho, huondoa kwanza ute unaokishikilia kipande, kisha hukichukua kwa koleo dogo au sumaku nyembamba, akiona kila anachogusa. Kama upasuaji huo haupatikani hapo, watakuelekeza pa kwenda; uende.

Mzee naye aisage ile patasi kwenye jiwe la kunolea mpaka uyoga uishe, akiwa amevaa miwani ya kazi. Wewe niandikie picha ikishatoka.