Maswali na majibu: Kipi kije kwanza, na sala ifike wapi?

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu wa Kigoma. Maswali ya safari hii yametoka mwaloni, sokoni na majumbani, na karibu yote yanagusa jambo moja: tunasali, lakini kuna kona ya maisha ambayo hatutaki sala iifikie. Kwa mmoja ni pesa, kwa mwingine ni jirani. Nimeyafupisha tu, maana yake ni ile ile.

Naanika dagaa Katonga. Boti zinaingia alfajiri, na kabla hakujapambazuka niko mchangani na ndoo. Mwalimu wetu wa maombi anasema asiyempa Mungu saa nzima ya alfajiri hampendi. Nifanyeje?

Pole na kazi, mama. Sharti hilo la saa nzima halimo kwenye Biblia. Ni kweli Yesu aliamka mapema sana akaenda mahali pa faragha kuomba (Marko 1:35), na anayeweza kufanya hivyo afanye. Lakini Danieli alikuwa na majukumu mazito ya serikali, naye akapiga magoti mara tatu kwa siku. Nehemia, mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi, ndiye ninayemtaka umwangalie zaidi. Mfalme alimuuliza anataka nini, naye akamwomba Mungu kwanza, ndipo akajibu, mfalme akiwa bado anasubiri. Sala ile haikufika hata dakika, na Mungu aliisikia.

Unapowatandaza dagaa, na baadaye unaporudi kuwageuza ili jua liwapige vizuri, mikono ina kazi lakini moyo una nafasi. Anza Baba Yetu. Ukifika "utupe leo riziki yetu", usikimbilie mbele. Waombee waliokesha majini ndipo ndoo yako ikajaa, muombee na mteja atakayekula. Kazi yenyewe imeshakupa ya kusema.

Tena unazo siku ambazo mtu wa ofisini hana. Mwezi ukiwa mkubwa, taa hazivuti dagaa na boti nyingi zinabaki ufukweni. Hapo nitakuuliza na mimi: siku hizo zinakwenda wapi? Tenga asubuhi moja au mbili za mbalamwezi ukae na Biblia bila haraka. Alfajiri za kazi uzifanye kwa amani, na mwalimu wako umweleze kwa heshima ratiba yako ilivyo.

Mume wangu ni mtu wa kanisa kweli kweli. Ahadi ya ujenzi aliimaliza kabla ya wenzake wote. Lakini binti yetu wa kidato cha pili yuko nyumbani, hana viatu wala mchango wa chakula cha shule. Nikisema, naambiwa nazuia baraka. Je, imani yangu ndiyo haba?

Hapana, dada yangu. Swali lako ndilo lililonikalia moyoni kuliko yote, kwa hiyo wengine mnivumilie nikae hapa kidogo.

Yesu alikutana na jambo hili hili. Katika Marko 7, watu walikuwa wakitangaza mali yao kuwa Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, kisha wanawaambia baba na mama zao kwamba hakuna tena cha kuwasaidia. Yesu hakuwasifu kwa ukarimu. Aliwaambia wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Na Paulo anamwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza walio wake, hasa wa nyumbani mwake, ameikana imani, tena ni mbaya kuliko asiyeamini (1 Timotheo 5:8). Ni maneno makali, na yanastahili kuwa makali, kwa sababu mtoto hawezi kujitetea mbele ya sadaka.

Huenda mumeo atamtaja yule mjane maskini aliyetoa sadaka ya senti mbili. Msome naye, ila anzeni mstari wa 40 wa Marko 12, kabla mjane hajaingia. Yesu anawakemea wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu ili waonekane. Mjane anafuata mara baada ya hapo, naye alitoa riziki yake mwenyewe. Hakuna tunapoambiwa kwamba alichukua chakula cha mtoto. Kujinyima ili utoe ni ibada. Kumnyima mwingine ili jina lako lisomwe mbele ya watu si ibada, na mtu mwema kabisa anaweza kuingia humo bila kujijua. Kwa hiyo usimchukulie mumeo kama mnafiki.

Usianze kwa kumshtaki kwa mchungaji, maana mwanamume akiaibika hasikii tena. Ngoja jioni, ameshakula na watoto wamelala. Chukueni daftari, ukurasa mmoja: unga, mafuta, mkaa, viatu vya binti, chakula cha shule, kikoba, sadaka. Kila mstari uwe na kiasi chake. Kabla hamjabishana hata shilingi moja, mwambie yeye kama kichwa cha nyumba auombee ukurasa huo mstari kwa mstari, kwa sauti. Ni vigumu mtu kusema "Bwana, nakuletea viatu vya binti yangu" halafu kesho akavipita dukani. Akikataa hata hilo, ndipo mmtafute mzee wa kanisa ambaye nyote wawili mnamheshimu.

Nanyi viongozi mnaosoma majina ya watoaji, nawaomba kwa upendo: kabla ya kupokea ahadi kubwa, muulizeni mtu hali ya nyumbani kwake. Jengo litasubiri mwaka mmoja. Kidato cha pili kina mtihani wa taifa na hakisubiri.

Nauza dagaa Kibirizi. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi mwaka 2024, kuanzia Mei hadi Agosti, mwenzangu alikuwa na akiba ya dagaa wakavu, mimi sikuwa nayo. Aliuza vizuri, akaezeka nyumba. Tangu hapo nikisali nambariki kwa mdomo, lakini nikisikia amepata hasara nafurahi. Watu wananiambia ana dawa.

Ndugu yangu, umesema ukweli mbele za Mungu, na hapo umeshavuka nusu ya njia. Hilo la dawa liache leo hii. Kwa maelezo yako mwenyewe alikuwa na akiba. Kumsingizia mtu uchawi kwa sababu alipanga mambo yake ni dhambi inayoweza kumwaga damu, na katika nchi yetu imeshamwaga.

Sasa kuhusu sala. "Mbariki jirani yangu" ni maneno mapana mno, moyo unajificha ndani yake. Mtaje kwa jina na uombe kitu mahususi: mzigo wake ufike salama, mtoto wake apone malaria. Mara ya kwanza maneno yatakwama kooni. Usiache. Wale vibarua wa Mathayo 20 walilipwa dinari yao kamili kama walivyopatana, na bado wakanung'unika kwa sababu wa mwisho walilipwa sawa nao. Hawakupungukiwa chochote. Kilichowauma ni wema aliotendewa mwingine. Ukishamuombea siku kadhaa, nenda ukamuulize aliwekaje ile akiba. Akikufundisha, Mungu amekujibu kupitia yule yule.

Ni dhambi kusoma Biblia kwenye simu wakati wa ibada?

Si dhambi. Zima data kwanza.

Nilimaliza chuo, ni mwaka wa tatu naomba kazi. Nimefunga, nimekesha, kimya. Kuna mtu ananiambia nitoe "mbegu", yaani sadaka, ya laki mbili ndipo mlango ufunguke. Niko Mwandiga.

Mwanangu, usitoe. Simoni wa Samaria alitaka kununua karama kwa fedha, na Petro alimjibu kwa ukali unaoweza kuusoma katika Matendo 8. Laki mbili hiyo ni mtaji wa kuanzia jambo.

Ukimya nauchukulia kwa uzito, sitakupa majibu mepesi. Soma Zaburi ya 13, inayoanza kwa kumuuliza Mungu "hata lini?". Kisha soma ya 88, ambayo inaishia gizani bila neno la faraja, na bado imo kwenye Biblia. Maana yake una ruhusa kusema hivyo hivyo ulivyo. Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe, haukuondolewa, akapewa neema ya kuubeba. Monika alimlilia mwanawe Agustino, aliyekuja kuwa askofu na mwalimu mkubwa wa Kanisa, miaka mingi kabla hajabatizwa mwaka 387.

Jambo moja nikuulize kama mzazi: kwenye hiyo sala ya kazi, umemwachia Mungu nafasi ya kukupa kazi ambayo hukuisomea? Kupakia mizigo bandarini au kusimamia duka la mjomba hakufuti cheti chako. Endelea kutuma maombi, na kesho asubuhi uwe na pa kwenda.

Nilifanya kazi reli hadi nikastaafu. Nasali sala nilizokariri utotoni. Wajukuu wanasema hizo si sala, nisali kwa maneno yangu.

Shikamoo mzee wangu. Wajukuu wana nia njema, lakini hapa wamekosea. Yesu msalabani, katika maumivu yale, alisali maneno ya Zaburi yaliyokuwepo karne nyingi kabla: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" ni Zaburi ya 22, na "mikononi mwako naiweka roho yangu" ni ya 31. Alichokikataza katika Mathayo 6 ni kupayuka-payuka kwa kudhani wingi wa maneno ndio unaosikiwa, na hilo linawezekana hata kwa maneno ya kujitungia.

Wewe tu ndiye unayejua kama moyo wako umo. Kama umo, endelea. Jioni mkikaa pamoja peaneni zamu: wewe utangulie na Zaburi ya 23 kama ulivyofundishwa, wao wafuate kwa maneno yao, kisha wakaririshe na wao hiyo Zaburi.