"Hii mbao ya kati haina kazi, tuitoe": maswali yenu kuhusu kenchi

Mwezi huu maswali ya kenchi (zile fremu za mbao zinazobeba paa au sakafu) yamekuja mengi, za paa na za sakafu zote, na wengine mnaziita trasi, ni kitu kilekile. Nimechagua matano. La kwanza nimelijibu kwa urefu kuliko mengine manake lilinikosesha raha kabisa, aliyeuliza inaonekana bado hajakata na nataka asome hapa kabla fundi wake hajashika msumeno.

SWALI: Habari za kazi. Nyumba yangu imeshapauliwa, kenchi zililetwa zimetengenezwa kiwandani, zile zilizounganishwa na mabamba ya chuma yenye meno. Juu ya dari kuna nafasi kubwa sana nataka nifanye stoo ila zile mbao za kati zinazopanda na kushuka zinatuzuia kupita. Fundi anasema atoe mbili kwenye kila kenchi, hazijabeba kitu kwa sababu hazigusi ukuta wala hazigusi bati. Na tukiwa huko huko juu tupandishe tenki la maji la lita 1000. Unashauri nini?

JIBU: Ndugu yangu, usikate. Hata moja. Kama fundi yuko saiti sasa hivi mpigie simu kwanza halafu urudi uendelee kusoma.

Naelewa kwa nini anasema hazina kazi, ukiziangalia kweli zimekaa hewani, hazijaegemea popote. Lakini fanya jaribio dogo, chukua vijiti vitatu uvipige msumari mmoja mmoja kwenye kona upate pembetatu, isukume, haichezi. Sasa chukua vinne utengeneze mraba kwa misumari ileile, ukiusukuma kidogo tu unalala upande. Kenchi nzima ni pembetatu zilizoshikana na ndo maana mbao nyembamba vile zinaweza kuvuka kutoka ukuta wa nje mpaka ukuta wa nje bila nguzo katikati. Uzito wa paa unazikandamiza zile mbao mbili za juu, nazo zinataka kufunguka miguu kama ngazi ya kukunja iliyokosa kamba, mbao ya chini ndo hiyo kamba, inavutwa muda wote. Zile za kati unazoziona kama herufi W, baadhi zinakandamizwa na baadhi zinavutwa, na kazi yake kubwa ni kuikatia mbao ya juu urefu. Yaani mbao ya juu ya mita 4 ikishikwa katikati na mbao ya kati inakuwa inafanya kazi kama vipande viwili vya mita 2.

Ukiitoa hiyo ya kati, mbao ya juu inarudi kuwa na mita 4 peke yake, na hapa watu wengi wanakosea wanadhani urefu ukiwa mara mbili basi shida nayo ni mara mbili. Hapana. Kwa uzito uleule kwa kila mita, nguvu ya kuikunja inakuwa kama mara 4, na kubonyea kwake kunakuwa kama mara 16. Hiyo mbao haikuchaguliwa kwa kazi hiyo. Na uzito uliokuwa unapita kwenye mbao uliyoitoa haupotei, unatafuta njia nyingine, unaenda kwenye maungio ambayo mabamba yake yalipimwa kwa kazi ndogo zaidi. Sasa kinachodanganya ni kwamba siku ya kukata hakuna kitu kinatokea, paa linabaki pale pale, fundi anakwambia si nilikwambia, halafu baada ya muda unaona bati limeanza kufanya bonde, dari linapasuka, na kama ulikata ile ya chini basi kuta za nje zinaanza kusukumwa. Mimi niliwahi kuitwa kwenye nyumba mafundi wa aiskondisheni walikata mbao ya chini ya kenchi 3 ili kupitisha bomba la hewa, mwenye nyumba alikuwa analala chini yake miezi na miezi bila kujua. Ile picha hainitoki.

Tenki nalo. Lita 1000 za maji ni kilo 1000, tani nzima, imekaa kwenye eneo dogo kama meza. Mbao ya chini ya kenchi ya kawaida imepigiwa hesabu ya kubeba dari na mtu anayepita kukagua, basi. Tenki la kukaa juu ya kenchi linawezekana ila injinia ajue mapema ni la lita ngapi na litakaa wapi, aongeze kenchi za kulibeba. Kwa nyumba yako iliyokwisha pauliwa mi ningejenga mnara wake nje, roho yangu itulie.

Stoo pia inawezekana kwa mtu ambaye hajaagiza bado. Ziko kenchi zinazotengenezwa na nafasi ya chumba katikati kabisa, mbao yake ya chini ni nene manake inakuwa ndo sakafu, unaziagiza hivyo tangu mwanzo. Wewe wa sasa tafuta aliyedizaini kenchi zako, mwambie unataka kuweka nini huko juu na kina kilo ngapi, anaweza kukuchorea namna ya kuongezea mbao au akakwambia haiwezekani, na akikwambia haiwezekani mkubalie.

Na kwa yeyote anayesoma hapa ambaye kwake imeshakatwa: usimwachie fundi aunge kwa kupigilia kipande pembeni kwa kukisia. Toeni mizigo iliyoko juu, wekeni egemeo chini ya pale palipokatwa, kisha aje injinia achore urefu wa kipande cha kuungia, idadi ya misumari na mahali pake. Kuunga kunawezekana vizuri tu, lakini kwa mchoro.

SWALI: Mimi ni mama, najenga nyumba ya mbao ya ghorofa moja. Kuna mtu ananiambia sakafu ya juu nitumie boriti za mbao nzima, mwingine ananiambia nitumie kenchi za sakafu. Tofauti ni nini na je sakafu haitakuwa inadunda watoto wakikimbia?

JIBU: Hongera mama. Kenchi ya sakafu haina mgongo kama ya paa, mbao yake ya juu na ya chini zinaenda sambamba na katikati kuna mbao za zigizaga. Mbao zake zimelazwa kwa upana kwa hiyo fundi anapopigilia mbao za sakafu anapata sehemu pana ya kulenga, na hicho wanakipenda sana. Inavuka upana mkubwa kuliko boriti nzima, maana yake kule chini unaweza kuwa na sebule isiyo na nguzo. Halafu mabomba, nyaya, hewa, vyote vinapita kwenye nafasi za zile zigizaga bila kutoboa kitu, wakati kwenye boriti nzima fundi bomba akishika drili inabidi umsimamie. Ubaya wake inataka mipango ya mapema, huwezi kuifupisha saiti ikizidi isipokuwa zile zenye ncha zilizotengenezwa maalumu kwa kukatwa, na mara nyingi inakula kina zaidi, hesabu mapema na urefu wa ngazi usije ukakosa kipandio.

Kuhusu kudunda, swali zuri sana na watu hawaulizi. Kipimo cha kawaida kinachotumika ni kwamba sakafu isibonyee zaidi ya urefu wake ukigawa kwa 360. Kenchi ya mita 5.4 basi mwisho milimita 15. Hiyo ni salama, lakini salama na raha ni vitu viwili, sakafu inaweza kufaulu hesabu na bado glasi zikalia kabatini mtu akipita. Kama nafasi ya kuchagua ipo mwambie mdizaini akupigie kwa 480, au azisogeze karibu, badala ya milimita 600 ziwe 400. Na asisahau ile mbao ya kusimama inayopitishwa ndani ya kenchi zote kuzikata msalaba, inapigiliwa kwenye mbao za wima za kila kenchi, kila baada ya kama mita 3. Hiyo inafanya kenchi moja ikikanyagwa jirani zake zisaidie. Mafundi wengi wanairuka kwa kuwa inachosha kuipitisha, ikague mwenyewe kabla dari halijafungwa.

Mambo mawili zaidi kwako. Kabla kenchi hazijaagizwa weka alama ya choo cha juu kitakaa wapi, nimeona mara nyingi kenchi imeangukia katikati kabisa ya bomba la choo na hapo ndo msumeno unatolewa. Kenchi ikisogezwa sentimita chache kwenye karatasi hakuna gharama. La pili ni moto. Mbao zake ni nyembamba, mabamba ya chuma meno yake yanaingia kama milimita 8 hivi kwenye mbao, moto ukifika, huo unene mdogo wa juu wa mbao ulioshika meno unaungua na bamba linaachia, na kwa kuwa katikati ni wazi moto unatembea haraka kuliko kwenye boriti nzima. Kwa hiyo dari la jipsamu chini yake lisiwe pambo la kuweka mwakani ukipata hela, liweke kabla hamjahamia.

SWALI: Fundi wangu anasema mabamba ya meno anaweza kununua na kuyagongelea kwa nyundo hapa hapa saiti. Sawa?

JIBU: Sio sawa. Bamba la meno lilibuniwa Florida huko Marekani na J. Calvin Jureit mwaka 1955 ili liingizwe na mashine, presi inalikandamiza pande mbili za mbao kwa pamoja mpaka meno yote yanazama. Ukiligonga na nyundo meno yanajikunja, kwa nje linaonekana limelala vizuri kumbe ndani limeshika nusu. Kutengeneza kenchi saiti hakuna ubaya wowote, nyumba nyingi sana zimesimama hivyo, ila tumieni njia zinazofaa saiti, bolti, au vipande vya plaiwudi vilivyopigiliwa pande mbili za ungio kwa idadi ya misumari aliyoiandika injinia. Na mbao ziwe kavu, unyevu usizidi asilimia 19, manake mbao mbichi ikikauka inasinyaa na ungio linalegea hata kama fundi alikuwa hodari.

SWALI: Tunaishi sehemu yenye baridi kali. Kila msimu wa baridi dari linaachana na ukuta wa katikati ya nyumba, joto likirudi ufa unafunga. Nyumba inazama?

JIBU: Pole kwa wasiwasi, hapana, kama ufa unafunguka juu tu na kurudi wenyewe kwa msimu basi mara nyingi ni kenchi inajikunja kwenda juu. Mbao ya chini imefunikwa na sufi ya kuzuia baridi, inabaki na joto na inakauka, zile za juu ziko kwenye baridi zinavuta unyevu na kurefuka kidogo, kenchi inainuka katikati kama upinde. Kuta za ndani kwa kawaida hazibebi kenchi, kwa hiyo zisipigiliwe kabisa pale juu, zinashikwa na klipu yenye tundu refu inayoruhusu kupanda na kushuka. Dari nalo fundi asilipigilie kwenye kenchi karibu na huo ukuta, alishikize kwenye ukuta, kisha lile la mbali libaki limeshikwa na kenchi, jipsamu itajikunja kidogo bila kupasuka. Kama nyufa ziko na kwenye kuta zenyewe, au milango inagoma, hiyo ni habari nyingine, ita mtu aje aone.

SWALI: Mimi fundi mdogo, kesho kutwa tunasimamisha kenchi zangu za kwanza za mita 10. Nipe la muhimu.

JIBU: Mdogo wangu, ya kwanza ndo inayoua watu. Kenchi ikiwa imesimama peke yake ina nguvu kwenda chini tu, kwa ubavu ni kama karatasi, ikidondoka moja zinafuatana zote mpaka ya mwisho. Kwa hiyo ile ya kwanza ifungwe bresi imara, yaani mbao za kuizuia isilale, mpaka ardhini au kwenye ukuta uliokwisha komaa, kabla hamjainua ya pili. Kila inayofuata ifungwe na zilizotangulia kwa mbao ndefu inayoshika kenchi kadhaa kwa mpigo, usitumie vipande vifupi vya kati ya kenchi mbili. Halafu wekeni bresi za mshazari, bila mshazari zote zinaweza kulala pamoja zikiwa zimefungwa vizuri kabisa.

Mnapoinua ibebeni ikiwa imesimama, mkiilaza inajikunja katikati na meno ya mabamba yanaanza kutoka, utaona bamba limeinuka upande mmoja, hiyo iweke pembeni usiipandishe. Upepo ukianza kuvuma acheni mpaka utulie. Kila mguu wa kenchi ufungwe kwenye linta kwa kanda la chuma, sio misumari ya mshazari peke yake, kwa sababu upepo mkali hausukumi paa chini, unalinyonya juu. Na bresi za muda zisitolewe mpaka zile za kudumu zilizo kwenye mchoro ziwe zimepigwa zote, hapo sasa ndo mpandishe bati, na mkizipandisha msizirundike sehemu moja, zigawanyeni pande zote mbili za paa.