Kabla mwanao hajanyooshwa mgongo, ulizia mkono wa daktari kabla ya mashine

Mimi ni fundi cherehani hapa Kizota, Dodoma. Mwaka ambao binti yangu aliingia kidato cha kwanza nilimshonea blauzi ya shule. Alipoivaa, upande wa kulia ukapanda. Nikafumua, nikashona upya, ikapanda tena. Nikamwambia avue, ainame mbele, mikono ining'inie, nami nikasimama nyuma yake. Mbavu za kulia zilikuwa zimeinuka kama kichuguu, za kushoto zimelala. Kosa halikuwa la mkasi wangu.

Kama una msichana wa miaka 10 hadi 15, mwinamishe hivyo leo jioni umtazame. Tatizo lenyewe madaktari wanaliita skoliosisi: uti wa mgongo unapinda kwenda pembeni na pingili zinajizungusha. Kwa vijana walio wengi chanzo hakijulikani. Si ndoo ya maji kichwani, si begi la shule, wala hajatupiwa kitu na mtu. Mimi nilipoteza miezi saba kwa mkandaji, na ndiyo miezi aliyokuwa akirefuka kwa kasi, wakati ambao mgongo hupinda haraka zaidi. Mtoto anayekua akiwahiwa mgongo ukiwa umepinda nyuzi 25 hadi 40 (kipimo cha pembe kwenye eksirei), mkanda mgumu unaovaliwa saa nyingi kila siku unaweza kuuzuia mgongo usiendelee. Wa kwangu alipopigwa eksirei alikuwa na nyuzi 56. Ukivuka 50, madaktari wengi hushauri upasuaji wa kuunyoosha mgongo kwa vyuma vinavyofungwa kwa skrubu.

Habari zikaenea kwenye ukoo. Wifi yangu aliyeko Dar akapiga simu: "Wifi, usikubali mtoto apasuliwe mahali pasipo na ile mashine inayoonesha skrubu kwenye kioo. Wengine wanaweka kwa kubahatisha." Nililala macho wazi siku mbili. Siku ya tatu nikamuuliza daktari moja kwa moja, na nawaomba wazazi wenzangu msione haya kuuliza.

Akageuza fomu nyuma, akachora pingili. Skrubu, akasema, hupita kwenye shingo nyembamba ya mfupa inayounganisha nyuma ya pingili na mbele. Upande mmoja wa shingo hiyo kuna mishipa ya fahamu inayoshuka miguuni. Ukipitiliza mbele kuna mapafu na mishipa mikubwa ya damu. Kwa mgongo uliopinda, shingo za upande wa ndani wa pindo huwa nyembamba zaidi, na ndiko mishipa ya fahamu imesogea. Skrubu hizo ndizo zinazoshikilia vyuma viwili vinavyonyoosha mgongo.

Anayeweka kwa mkono habahatishi. Anatafuta alama za mfupa anazozijua, anatoboa taratibu, kisha anaingiza kijiti chembamba chenye kichwa cha mviringo na kupapasa tundu lote: kuta nne na sakafu. Pakiwa laini mahali panapopaswa kuwa mfupa, anajua ametoka nje, anabadilisha njia. Hapo nilimwelewa kabisa. Mshono mbovu ndani ya bitana mimi huujua kwa kidole kabla jicho halijauona. Baada ya hapo anapiga eksirei palepale mezani kuhakikisha.

Kwa mashine, mgonjwa anapigwa picha za siti skani akiwa amelala mezani, kamera zinafuata vifaa, na daktari anaona kwenye kioo ncha ya chuma ilipo ndani ya mfupa. Tafiti nyingi zinaonesha skrubu zinazotoka nje ya mfupa hupungua kwa njia hii, na pale pingili zilipojizungusha sana ni msaada mkubwa. Wifi yangu hakukosea kuitaka. Ila mashine hupima kutokea kwenye alama iliyobanwa kwenye mfupa wa mgonjwa. Alama hiyo ikigongwa ikasogea, kioo kitaendelea kuonesha picha nzuri ambayo si ya kweli. Na mionzi huongezeka, kwa mtoto ambaye tayari atapigwa eksirei nyingi miaka kadhaa. Madhara makubwa ya mishipa ya fahamu ni machache kwa njia zote mbili, kiasi kwamba ni vigumu kuonesha kuwa moja inayapunguza kuliko nyingine.

Kwa hiyo niliacha kuulizia mashine, nikauliza haya. Umefanya migongo mingapi ya watoto mwaka huu? Wangapi walirudishwa chumba cha upasuaji kwa ajili ya skrubu? Mishipa ya fahamu mtaichungaje wakati wa kunyoosha? Akanieleza kuna kifaa cha kupima umeme wa mishipa miguuni, na pasipo kifaa humwamsha mtoto katikati ya upasuaji, wakamwambia achezeshe vidole vya miguu, kisha wakamlaza tena. Nikauliza pia: shingo ya mfupa ikiwa nyembamba kuliko skrubu? Akajibu, "Hapo siweki, mama. Naruka pingili hiyo au natumia ndoano." Jibu hilo ndilo lililonifanya nisaini. Daktari anayejua pa kuacha namwamini mkono wake.

La mwisho, nililolijua nimechelewa: eksirei za kufuatilia ziombe zipigwe kutokea mgongoni. Hivyo mionzi inayofika kwenye matiti ya msichana anayekua hupungua.

Aliwekewa kwa mkono, na eksirei za kuhakikisha. Alikaa chumba cha upasuaji kwa muda wa saa sita, nami nimeketi kwenye benchi la korido na kanga yake mkononi. Alipozinduka kutoka kwenye nusu kaputi, nesi alifunua shuka nikaona kidole gumba cha mguu kikicheza.

Bega la kulia bado liko juu kidogo, na daktari hakuwahi kuniahidi rula. Juzi alijaribu sketi yake ya zamani, ikawa fupi mbele na nyuma, sawasawa pande zote. Nimefumua pindo, nimeongeza sentimita tatu.