Vidanje (kubadilisha oili ya injini) kila kilomita ngapi kwa gari jipya hapa Goma?

Ndugu yangu, unasema kitabu cha Toyota yako ya 2021 kinakuruhusu kilomita 16,000 na fundi wako wa Himbi anadai 5,000. Nani mkweli? Wote wawili, kiasi fulani.

Hiyo 16,000, au mwaka mmoja, ni ya oili nyepesi ya sintetiki, aina ya 0W-20, na barabara safi. Endelea kusoma kitabu hichohicho: kwa njia za vumbi na udongo, Toyota yenyewe inashusha hadi kilomita 8,000 hivi, au miezi sita. Na Goma ni nini kama si vumbi? Mchanga mweusi wa volkeno yetu ya Nyiragongo unaingia kila mahali, foleni hazisogei, na safari fupi za kutoka nyumbani hadi Birere haziipi injini nafasi ya kupata moto vizuri, kwa hiyo unyevu na petroli isiyoungua vinabaki ndani ya oili.

Mimi ningefanya vidanje kila 7,000, pamoja na filta ya oili. Filta ya hewa ikague mapema zaidi. Kwa vumbi letu hiyo ndiyo inayookoa injini. Ukienda hadi Sake, nje ya mji, kila siku, shuka hadi 5,000, fundi atafurahi.

Usihukumu oili kwa weusi wake, huwa inakuwa nyeusi upesi. Pima kiwango kwa kile kijiti, injini ikiwa imezimwa na gari likiwa pahali pa tambarare. Ila bidoni za oili za pembeni mwa barabara, zisizo na kizibo kilichofungwa, hata kwa bei ya bure, usiguse.