Maswali ya Wasomaji: Wakili Mwenye Biashara Akiingia Bungeni

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu Nimrod Mkono alikuwa wakili, mfanyabiashara na mbunge kwa wakati mmoja. Je, sheria za Tanzania huruhusu hayo, au mtu wa namna hiyo hutakiwa kufunga ofisi yake akishaapishwa? (Msomaji, Musoma)

JIBU: Ndugu msomaji, sheria inaruhusu, ingawa haikuwa hivyo siku zote. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimhesabu mbunge kuwa kiongozi, na kiongozi alikatazwa kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au kuwa na nyumba ya kupangisha. Miiko hiyo ililegezwa na Halmashauri Kuu ya CCM huko Zanzibar mwaka 1991. Marehemu Mkono, mwanzilishi wa kampuni ya mawakili iliyobeba jina lake, aliingia bungeni mwaka 2000 akiwakilisha Musoma Vijijini, jimbo ambalo wakati huo ndani yake kilikuwamo kijiji cha Butiama, nyumbani kwa Mwalimu Nyerere, aliyeliandika Azimio lenyewe. Sidhani kama lipo jimbo jingine linaloonyesha mageuzi hayo waziwazi zaidi.

Siku hizi mbunge hupeleka tamko la mali na madeni yake anapoingia madarakani, kila mwisho wa mwaka na anapoondoka. Katiba nayo, katika Ibara ya 67, humwondolea sifa ya kugombea mtu mwenye maslahi katika mkataba wa Serikali uliowekewa miiko maalumu, endapo ameikiuka miiko hiyo. Uwakili haumo katika makatazo. Anachohitaji ni kuhuisha leseni yake kila mwaka, na kupata wenzake wa kusimamia kesi mahakamani katika miezi ya Bunge la Bajeti, ambapo yeye yuko Dodoma.

Ugumu wenyewe, kwa maoni yangu, hauko kwenye mali bali kwa wateja. Kanuni za Bunge humtaka mwenye maslahi ya kifedha katika jambo linalojadiliwa ayatangaze kabla ya kuchangia, ndiyo maana utamsikia mbunge akisimama na kusema, “Mheshimiwa Spika, natangaza maslahi.” Mwenye duka au mgodi hulisema hilo kwa sentensi moja na kuendelea. Wakili aliyelipwa na kampuni inayoguswa na muswada yuko katika hali nyingine, kwa kuwa maadili ya taaluma yake yanamfunga kutunza siri za mteja: akikaa kimya kisha akachangia, amevunja Kanuni, akieleza kila kitu, huenda amemsaliti aliyemwamini. Iwapo mteja hataridhia atajwe, njia salama ni kutochangia kabisa, na hapo wanaopoteza ni wapiga kura wake, ambao katika hoja hiyo watakosa msemaji.