Chupa ya Akili Niliyoinunua na Dagaa Niliowadharau

Juzi dada mmoja wa Tabora kaniandikia: "Kaka, ile dawa ya kumwongezea mtoto kumbukumbu unaijua? Wangu akisoma leo, kesho hana kitu." Naijua sana, dada yangu. Niliinunua.

Mwanangu alikuwa darasa la tatu. Mwalimu wake akasema mbele ya wazazi wenzangu kwamba mtoto wangu ni kilaza. Sijasahau mpaka leo, na wale waliocheka nawakumbuka mmoja mmoja. Mimi niliyesoma hapahapa Ujiji, Kigoma, bila kutoka kwenye tano bora! Nikarudi nyumbani nimefura, nikamkataza mpira, nikamwandikisha tuisheni hadi magharibi. Kisha akapita muuzaji na begi lake, nikatoa shilingi 35,000 kwa chupa moja ya "sirapu ya akili".

Miezi mitatu, hakuna kitu. Jedwali la saba alilokariri usiku, asubuhi limeyeyuka. Anasinzia juu ya daftari, mimi nampigia kelele.

Mama yangu anaanika dagaa Kibirizi. Siku moja alikuja akatazama tunavyokula: asubuhi chai ya rangi na andazi, mchana ugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu, na chai tena juu yake. Akaniambia, "Baba, mtoto huyu kaishiwa damu, wewe unamletea chupa." Nilikasirika. Dagaa kwangu walikuwa wa kufunga kwenye magunia na kupakia kwenye magari ya Dar, siyo wa kuweka mezani. Wenyeji wa Kigoma tunaongoza kwa ujinga huo: kizuri tunawauzia wageni.

Kituo cha afya muuguzi alimfunua kope tu, akatikisa kichwa. Kipimo kikaonyesha damu 9, wakati kwa umri wake isipungue 11.5. Tena alikuwa na safura, ile minyoo inayonyonya damu tumboni. Damu ndiyo inayobeba hewa kwenda kwenye ubongo, na bila madini ya chuma mtoto hachoki mwili tu, hata kushika alichofundishwa kunamshinda. Na ile chai yetu ya rangi, ikinywewa pamoja na chakula, inazuia chuma cha kwenye mboga kisiingie mwilini. Yaani nilikuwa nampa kwa mkono huu, namnyang'anya kwa mkono ule.

Akapewa dawa ya minyoo na vidonge vya chuma. Nyumbani tukaanza dagaa wazima na vichwa vyao, wamekaangwa kwa mawese, na limau au chungwa pembeni. Chai ikahamishwa, inanywewa baadaye.

Mpira nao ukarudi. Hapa ndipo ninapogombana na wazazi wenzangu. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walichunguza watoto wa miaka 9 na 10, wakakuta wenye pumzi za kukimbia wana hipokampasi kubwa zaidi, sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu, na mtihani wa kukumbuka waliufanya vizuri zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 60 za kuhangaisha mwili kila siku kwa watoto wa miaka 5 hadi 17. Wewe mzazi unayemfungia mtoto ndani na vitabu hadi usiku, unamkomoa nani? Mwache akimbie! Mpe dagaa, mwache akimbie.

Sisemi dagaa watamfanya mtoto profesa. Kama damu yake iko sawa na bado anasahau, mpeleke akapimwe macho na masikio. Lakini pima kwanza, dada, kabla ya kufungua pochi.

Wiki hii matokeo yametoka. Kati ya watoto 74, wangu ni wa 11. Siyo tano bora, najua, lakini nilizunguka Mwanga nzima, hapa mjini Kigoma, na ile karatasi mfukoni.

Chupa bado iko kabatini, imebaki nusu. Jana mwanangu kaniuliza kama anaweza kuimwaga, abebee maji ya mpirani.